Mikono Ikitetemeka Kabla ya Kupiga Muziki, Pombe Si Dawa

Miezi michache iliyopita kijana mmoja alikuja katika zahanati yetu. Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Wagonjwa walikuwa wamekwisha. Kijana huyu ni mpiga gita la solo katika bendi ya kijiji. Kesho yake bendi ilikuwa imealikwa kupiga muziki katika harusi. Alikaa kwenye benchi, akaninyoshea mikono yake. Vidole vilikuwa vinatetemeka.

"Daktari," aliniambia, "nadhani nina presha. Moyo unakwenda mbio. Kinywa kimekauka. Tangu asubuhi nimekwenda chooni mara sita. Nisaidie vidonge vya kutuliza. Kesho nitaaibika mbele ya watu."

Nilimpima. Joto la mwili lilikuwa la kawaida. Presha ilikuwa ya kawaida. Malaria hakuwa nayo. Nikamwuliza, "Ndugu yangu, hali hii hukupata wakati gani?" Alifikiri kidogo. Akasema, "Kila tunapotaka kupiga mbele ya watu. Nikiwa shambani sina shida yoyote."

Nikamwambia kwamba yeye si mgonjwa, ana woga tu. Sikumpa vidonge. Nikafunga zahanati, nikaenda zangu nyumbani.

Kesho yake usiku, saa nane, niliamshwa. Kijana yule alikuwa ameletwa kwa pikipiki. Alikuwa amekunywa gongo kabla ya kupanda jukwaani. Alipiga nyimbo mbili tu. Wa tatu ulimshinda, akaanguka juu ya vipaza sauti. Alipofika kwangu alikuwa anatapika na hajui alipo. Nilimlaza ubavu ili asipaliwe na matapishi. Nilikaa naye mpaka kulipokucha. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini angeweza kufa.

Watu wengine walisema mganga huyu kijana ana roho mbaya, maana ana dawa kabatini na anawanyima watu. Kwa vidonge, sikubaliani nao. Nilifanya sawa kumnyima. Lakini kosa nililifanya, na leo nalikiri. Nilimwambia, "Huu ni woga tu." Sikumfundisha la kufanya. Mtu anayetetemeka ukimwacha mikono mitupu, atatafuta dawa yake mwenyewe. Katika vijiji vyetu dawa iliyo karibu ni pombe.

Kijana mwenyewe ameniruhusu kueleza habari hii bila kutaja jina lake. Ndiyo sababu ninaandika. Maoni yangu ni haya: woga wa jukwaani si ugonjwa, na si uchawi. Ni jambo la mwili wenye afya. Unaweza kufundishwa kuishi nao, kama unavyofundishwa kupiga gita. Lakini ukiutibu kwa pombe, unajitafutia ugonjwa wa kweli.

WOGA HUU NI NINI?

Tuseme unapita njiani usiku. Ghafla unasikia chui anakoroma kichakani. Kabla hujafikiri lolote, mwili wako umekwisha kujiandaa. Juu ya figo zako kuna tezi mbili ndogo. Tezi hizo hutoa kitu kiitwacho adrenalini. Adrenalini huingia katika damu na kufika mwili mzima kwa muda mfupi sana.

Moyo huenda mbio ili upeleke damu nyingi kwenye misuli ya miguu na mikono. Pumzi huwa za haraka. Damu hupungua kwenye ngozi na vidole, kwa hiyo vidole huwa vya baridi. Tumbo huacha kazi yake, ndipo unaposikia linakoroga. Mate hupungua, kinywa kinakauka. Misuli huwa imekaza tayari kukimbia au kupigana. Misuli iliyokaza bila kufanya kazi hutetemeka.

Sasa fikiri juu ya mpiga gita aliye mbele ya watu mia mbili. Hapana chui. Lakini watu wote wanamtazama yeye. Anaogopa kukosea. Anaogopa kuchekwa. Mwili hauulizi kama hatari ni meno ya chui au vicheko vya majirani. Unajiandaa vile vile.

Basi dalili zile alizonieleza kijana yule zote zina sababu. Hakuna aliyemroga. Bendi ya kijiji jirani haikumtupia kitu. Mwili wake ulikuwa unafanya kazi yake, ila ulifanya kwa nguvu mno.

HATA MABINGWA HUOGOPA

Wako wanaosema, "Mwanamuziki wa kweli haogopi." Maneno haya si kweli.

Pablo Casals alizaliwa Hispania mwaka 1876. Alipiga fidla kubwa iitwayo sello, na alisifiwa duniani kote. Alifariki mwaka 1973. Maisha yake yote aliogopa kabla ya kupiga mbele ya watu, hata alipokuwa mzee. Alitetemeka, kisha alipiga.

Barbra Streisand ni mwimbaji mkubwa wa Marekani. Mwaka 1967 aliimba mbele ya umati mkubwa katika bustani ya Central Park mjini New York. Akasahau maneno ya wimbo. Jambo lile lilimtia hofu kubwa. Kwa miaka mingi aliepuka ziara za kuimba mbele ya watu waliolipa kiingilio. Alirudi katika ziara mwaka 1994.

Watu hawa wawili wanatufundisha mambo mawili. Casals anatufundisha kwamba woga unaweza kubaki na kazi ikafanyika. Streisand anatufundisha kwamba tukiukimbia woga baada ya kosa moja, unakua. Kila unapokwepa, mwili unaamini kwamba kweli palikuwa na chui.

Na mimi nina la kusema. Nilipokuwa chuoni nilipiga tumba katika kikundi chetu. Siku ya kwanza mbele ya watu nilipiga haraka mno. Moyo ulikuwa unakimbia, na mikono ikaufuata moyo. Waimbaji waliishiwa pumzi kabla ya ubeti wa pili. Tulichekwa sana. Lakini hakuna aliyekufa kwa kuchekwa.

KWA NINI POMBE SI DAWA?

Najua utasema, "Mganga, mimi nikinywa vikombe viwili vya ulanzi mikono inatulia." Ni kweli, inaweza kutulia kwa muda. Sikatai. Pombe hulegeza ubongo. Lakini tazama inalegeza nini tena.

Kwanza, inalegeza vidole na masikio. Mpiga besi aliyelewa huchelewa kidogo. Mwimbaji hupanda au hushuka bila kujua. Mlevi mwenyewe hasikii makosa yake. Anadhani leo amepiga kuliko siku zote. Waulize waliokuwa wanacheza.

Pili, pombe ikiisha mwilini, woga hurudi na nguvu zaidi. Kesho yake moyo unadunda, mikono inatetemeka, roho haina amani. Basi mtu anakunywa tena ili atulie. Safari ya kwanza ilikuwa kikombe kimoja. Safari ya tano ni vikombe vinne. Baadaye hawezi kushika gita bila kunywa, hata katika mazoezi. Hapo ndipo woga mdogo umegeuka kuwa ugonjwa mkubwa.

Tatu, gongo ina hatari yake peke yake. Inapikwa kwa siri na haipimwi na mtu. Wakati mwingine pombe za namna hii huwa na sumu iitwayo methanoli. Sumu hiyo hupofusha macho, na huua. Ukiitazama kwenye chupa huwezi kuitambua.

Na bangi je? Wapo wanaoisifu. Lakini bangi huweza kuufanya moyo uende mbio zaidi na kuongeza hofu. Mtu mwenye woga anaongeza kuni kwenye moto.

VIDONGE VYA KUAZIMA

Vijana wengine huchukua vidonge vya presha vya baba au vya bibi. Wamesikia kwamba vinatuliza moyo. Ni kweli kwamba kuna dawa iitwayo propranololi ambayo hupunguza mbio za moyo na kutetemeka. Katika nchi mbalimbali wako wanamuziki wanaoandikiwa dawa hiyo na daktari. Lakini daktari huwapima kwanza.

Dawa hiyo hiyo inaweza kumziba pumzi mtu mwenye pumu. Inaweza kuushusha mno mwendo wa moyo wa mtu mwingine. Tena, ukimeza vidonge vya bibi, bibi atakosa dawa yake. Muziki wa usiku mmoja haufai kuhatarisha maisha ya watu wawili.

Kuna na vidonge vya usingizi, kama diazepamu. Hivi huleta uzito na usahaulifu, na mtu huvizoea akashindwa kuviacha. Vikichanganywa na pombe vinaweza kusimamisha pumzi kabisa. Usijaribu hata siku moja.

FANYA HIVI

Haya ndiyo niliyopaswa kumfundisha kijana yule jioni ile. Nilimfundisha baadaye.

1. Fanya mazoezi mpaka vidole vijue njia vyenyewe. Piga wimbo polepole kwanza, kisha uongeze mwendo. Wimbo unaoupata mara moja kati ya tatu ukiwa nyumbani, usiupeleke jukwaani.

2. Zoea macho ya watu kidogo kidogo. Wiki ya kwanza piga mbele ya ndugu zako wawili. Wiki ya pili waite majirani watano. Wiki ya tatu piga mahali wanapokusanyika watu wengi zaidi. Mwili utajifunza kwamba macho ya watu hayaumi.

3. Fanyeni mazoezi ya kukosea. Bendi ikubaliane: mwimbaji akisahau ubeti, wote warudi kwenye kiitikio. Mpiga solo akipotea, anyamaze kidogo na kusikiliza besi na ngoma mpaka apate mahali pa kuingia. Mtu anayejua mlango wa kutokea haogopi sana kuingia.

4. Siku ya muziki kula chakula. Njaa nayo huleta kutetemeka. Kula chakula chepesi saa mbili hivi kabla ya kupiga. Kunywa maji. Usinywe kahawa kali, maana nayo huongeza mbio za moyo. Nenda chooni mapema.

5. Pasha moto mikono. Huku kwetu nyanda za juu usiku ni wa baridi, vidole hukakamaa hata bila woga. Nawa maji ya uvuguvugu. Sugua viganja. Kisha piga gita taratibu kando ya jukwaa. Mwimbaji naye aanze kwa kuimba kwa sauti ndogo.

6. Pumua polepole. Vuta pumzi kwa pua huku ukihesabu mpaka nne. Itoe taratibu huku ukihesabu mpaka sita. Tumbo litoke unapovuta, liingie unapotoa. Fanya hivi kwa dakika tano. Pumzi ndefu ya kutoa huuambia moyo upunguze mwendo. Usivute pumzi kubwa za haraka haraka, maana hizo huleta kizunguzungu na ganzi.

7. Usijiambie, "Lazima nitulie." Jiambie, "Nimechangamka, niko tayari." Mwaka 2014 mtafiti Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alitoa habari za majaribio yake. Watu waliambiwa waimbe mbele ya wengine. Waliotamka kwanza kwamba wamechangamka waliimba vizuri zaidi kuliko waliotamka kwamba wana wasiwasi. Nguvu ni ile ile ya adrenalini. Unaipa kazi nyingine.

8. Anzeni na wimbo mnaoujua kuliko zote. Si wakati wa kuonyesha wimbo mpya. Mara nyingi mtetemo mkali hupungua baada ya dakika chache. Vukeni dakika hizo kwa wimbo mwepesi.

9. Ukikosea, endelea. Watu wengi waliokuja kucheza hawakusikia kosa lako. Ukisimama na kukunja uso ndipo watajua.

Na hirizi je? Mzee mmoja aliniuliza. Alisema, "Mwanangu, mbona mimi ujana wangu nilivaa hirizi na nikapiga ngoma bila woga?" Nilimjibu kwa heshima, "Mzee wangu, uliiamini, na imani ilikutuliza. Lakini ingepotea njiani siku ya ngoma ungefanyaje?" Akacheka. Mazoezi hayapotei njiani.

WAJIBU WETU SISI WANAKIJIJI

Ndugu msomaji, hapa ninataka tuelewane vizuri. Si haki kuwalaumu vijana peke yao. Sisi tunawaalika katika harusi na sherehe. Tunawalipa nini? Mara nyingi tunawalipa ndoo ya ulanzi. Tena tunawapa kabla hawajaanza, tukisema, "Nywenyi kidogo mchangamke." Katika bendi kuna wavulana wa miaka kumi na sita. Sisi ndio tunaowafundisha kwamba muziki na pombe ni kitu kimoja.

Napendekeza mambo matatu.

La kwanza, tuwalipe wanamuziki fedha, hata kama ni kidogo. Kijana akipewa fedha atanunua nyuzi za gita au sabuni. Akipewa ndoo ya pombe atainywa, maana haiwezi kuwekwa akiba.

La pili, tuwape chakula na maji kabla ya muziki. Mwenye sherehe anayewakumbuka wapishi awakumbuke na wapiga gita. Atakayetaka kinywaji, na awe mtu mzima, asubiri kazi iishe.

La tatu, tuache kuwazomea wanaojifunza. Kicheko cha kirafiki hakina ubaya. Lakini kumzomea msichana anayeimba kwa mara ya kwanza ni kumfukuza. Kisha tunalalamika kwamba kijiji hakina waimbaji.

Wapo watakaosema kwamba sherehe bila pombe haina ladha. Mimi sikuandika kuhusu wageni. Nimeandika kuhusu watu wanaofanya kazi. Dereva wa basi hatumpi pombe ili achangamke. Fundi anayepaua nyumba hatumpi pombe kabla ya kupanda juu. Mpiga muziki naye yuko kazini.

LINI UJE ZAHANATI?

Woga wa jukwaani huja kabla ya kupiga, na huisha baada ya kupiga. Kama hali yako ni tofauti, njoo upimwe. Njoo kama moyo unakwenda mbio hata ukiwa umepumzika. Njoo kama una maumivu ya kifua, au unakonda, au una uvimbe shingoni. Njoo kama hofu inakusumbua kila siku na hulali usiku. Njoo pia kama ukikosa pombe asubuhi unatetemeka na kutoka jasho. Mtu aliyezoea pombe nyingi asiiache ghafla peke yake, maana mwili unaweza kupata degedege. Atusaidie tumsaidie.

Ukija, hatutakucheka. Mimi nimejifunza kutosema "woga tu" na kufunga mlango.

Kijana yule amepiga tena. Ilikuwa sherehe ya watu wa kijiji chetu, nami nilikuwapo. Kabla ya kuanza nilimwona amekaa nyuma ya jukwaa, ameweka mikono katika bakuli la maji ya uvuguvugu, anahesabu pumzi. Alipopanda, vidole vilikuwa bado vinatetemeka. Niliviona. Wimbo wa kwanza alikosea mara moja, akanyamaza, akasikiliza besi, akaingia tena. Wimbo wa pili sikuona mtetemo. Bendi ilipiga mpaka saa sita za usiku. Alirudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Taja mambo manne yanayotokea mwilini mtu anapoogopa.

2. Kwa nini pombe huongeza woga badala ya kuuondoa?

3. Kwa nini ni hatari kumeza vidonge vya mtu mwingine?

4. Katika kijiji chenu wanamuziki hulipwa nini? Je, mnaweza kubadili desturi hiyo? Mtaanza vipi?